Neno "check" lilivyonifundisha ukalimani

Watu wakijua kwamba kazi yangu ni ukalimani wa hospitali na ofisi za umma, huniuliza ni neno gani la Kiingereza linalonitoa jasho. Wanategemea nitaje jina la ugonjwa au istilahi ya mahakamani. Hayo hayana shida kubwa. Ugonjwa una jina lake, na usipokuwa nalo, daktari yuko mbele yangu, nitamwomba aeleze. Neno linalonifanya nikae wima kitini ni fupi, la silabi moja, na Mmarekani hulitamka kutwa nzima bila hata kulisikia: "check".

Nipo Louisville, jimbo la Kentucky. Wengi ninaowakalimania ni Wakongo wa Kivu Kusini, watu wa Fizi, Baraka na Uvira, waliovuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita wakapokewa katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu nchini Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996. Wapo waliokaa humo mpaka mtoto aliyezaliwa kambini naye akawa mzazi. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma. Kiswahili chao kwangu ni cha ng'ambo ya pili ya ziwa lile lile, na hilo limenisaidia mno.

Chukua siku yangu moja ya kawaida. Asubuhi kliniki, dada wa mapokezi anauliza kama mgonjwa ameshafanya "check-in". Anataka kujua kama amejiandikisha. Anampa fomu yenye visanduku na kumwambia afanye "check" penye yote yanayomhusu, yaani aweke alama. Nesi anaingia na "check" ya presha: anapima. Daktari anasema dawa hii itaiweka sukari "in check": itaizuia isipande. Mchana tuko ofisi ya ajira, wanataka "background check", rekodi za polisi zichunguzwe, halafu wanataka "voided check", jani la hundi lililobatilishwa, ili mshahara uingie benki moja kwa moja. Mshahara wenyewe ni "paycheck". Jioni familia imenikaribisha mgahawani, mhudumu anakuja na tabasamu kuuliza kama tuko tayari kwa "check". Hiyo ni bili. Kujiandikisha, kuweka alama, kupima, kuzuia, kuchunguza, hundi, mshahara, bili. Kwa Kiswahili hayo ni maneno manane yasiyojuana kabisa. Kwa Kiingereza ni lile lile moja.

Mkalimani haruhusiwi kukisia. Hapa Marekani kazi yetu imesimama juu ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964: ofisi inayopokea fedha za serikali kuu haiwezi kumbagua mtu kwa sababu ya taifa alikotoka, na lugha imeeleweka kuwa ni sehemu ya hilo. Kwa hiyo ninapokaa kati ya nesi na mama wa Fizi, nimebeba haki ya mtu mdomoni. Nikaona kukariri maana moja moja hakunitoshi. Nilitaka kujua zimeungana wapi, maana nikishajua zilipoungana nitajua kila mara ni swali gani la kuuliza. Njia ikanifikisha kwa mfalme wa Uajemi.

Mchezo wa sataranji ulizaliwa Uhindi. Kwa Kisanskriti uliitwa chaturanga, viungo vinne, yaani pande nne za jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Yapata karne ya 6 ulikuwa umeingia Uajemi, ukaitwa chatrang, na Waarabu walipoitwaa nchi ile katika karne iliyofuata wakauita shatranj. Sataranji yetu ya pwani imetoka humo. Waajemi walikuwa na adabu moja mchezoni: ukimtishia mfalme wa mwenzako, humvamii kimyakimya. Unatamka "shah!", mfalme huyo, jihadhari. Akikosa kabisa pa kukimbilia, unatamka "shah mat". Waarabu waliisikia hiyo "mat" kwa sikio lao, ikawa mfalme amekufa, kwa mzizi ule ule uliotupa sisi mauti na maiti. Kwa Kiajemi, mat ni mtu aliyeduwaa, aliyeishiwa la kufanya. Na ukiutazama mchezo, mfalme haondolewi ubaoni hata siku moja. Anabanwa, basi, mchezo umekwisha.

Tamko hilo lilisafiri na mchezo hadi Ulaya. Wafaransa wa kale walisema eschec, Waingereza wakalipokea mwanzoni mwa miaka ya 1300, likawa "check". Wingi wake ndio uliowapa "chess", jina la mchezo wenyewe. Wafaransa wa leo wanasema échec, na kwao limekuja kumaanisha kushindwa. Nilipowasimulia hilo Wakongo ninaowafundisha darasani, kulikuwa na kelele, kwa sababu échec wanalijua tangu shule ya msingi. Ndilo neno la mtoto aliyeanguka mtihani. Na hundi wao huiita sheki, kutoka Kifaransa. "Kumbe échec na sheki ni ndugu?" mama mmoja aliuliza. Ni ndugu, damu moja. Na huyo shah mwenyewe yumo katika Kiswahili: kwa washairi wetu, shaha ni cheo cha aliyewazidi malenga wenzake.

Sasa mfalme alifikaje kwenye presha? Mchezaji akisikia "shah!" lazima aache mipango yake yote. Hata kama alikuwa hatua moja kabla ya kushinda upande wa pili wa ubao, hawezi kuendelea. Kwanza mfalme apone. Kwa hiyo "check" ikawa kusimamishwa ghafla. Kusimamisha kukazaa kuzuia. Kuzuia kukazaa kudhibiti. Na anayedhibiti hana budi kukagua, kulinganisha kilichopo na kinachotakiwa kuwepo. Hapo umeshafika kwa nesi, na mkono wa mgonjwa umeshafungwa kile kitambaa cha kupimia.

Pesa zilikuja kwa njia yake nyingine, na hiyo ndiyo hadithi niipendayo kuliko zote. Kilatini cha zama za kati kiliuita ubao wa sataranji scaccarium. Mfalme Henry II wa Uingereza alikuwa na mweka hazina aliyeitwa Richard FitzNeal, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1170 aliandika kitabu kueleza hazina inavyofanya kazi. Anaanza na meza. Urefu wake kama futi 10, upana futi 5, na pembeni ina ukingo wa kimo cha vidole vinne ili vilivyowekwa juu visidondoke. Imetandikwa kitambaa cheusi chenye mistari, nafasi ya mstari hadi mstari kama shubiri moja. Katika nafasi hizo walipanga vihesabio: safu ya peni, safu ya shilingi, safu ya pauni, hivyo hivyo hadi maelfu. Wakati wa Pasaka na wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwezi Septemba, masherifu waliokusanya mapato ya mfalme mikoani waliitwa mezani. Sherifu upande huu, mweka hazina upande ule. FitzNeal mwenyewe anasema ni kama sataranji, vita ni vya hao wawili, wengine wamekaa kutazama na kuamua. Kutokana na meza ile hazina ya Uingereza ikaitwa Exchequer, na hadi leo waziri wa fedha wa nchi hiyo analibeba jina hilo katika cheo chake.

Sisi nasi tumepita njia hiyo hiyo, ila kwa mchezo mwingine. Wazee wanacheza drafti kwa vizibo vya soda chini ya mwembe, na shati lenye miraba kama ubao wao tunaliita shati la drafti. Waingereza nguo hiyo waliipa jina la ubao wa sataranji, ndiyo "checked" yao. Na Wamarekani drafti yenyewe wanaiita "checkers".

Risiti ya hesabu za meza ile ilikuwa kijiti. Walikichonga mapengo: pengo la upana wa kiganja ni pauni 1,000, la upana wa kidole gumba pauni 100, la kidole cha mwisho pauni 20, la punje ya shayiri pauni 1. Kisha kijiti kinapasuliwa kwa urefu, kila kipande kinabaki na mapengo yale yale. Kimoja anakwenda nacho aliyelipa, kingine kinabaki hazina. Siku ya ukaguzi vinakutanishwa. Unaweza kumghushi mtu mwandiko, lakini nyuzi za mti zilizopasuka pamoja huzighushi. Serikali ya Uingereza ilivitumia vijiti hivyo kwa karne nyingi, na tarehe 16 Oktoba 1834 vilivyosalia vilipochomwa katika majiko ya jengo la Bunge mjini London, moto ulizidi nguvu ukateketeza sehemu kubwa ya jengo.

Benki zilipoanza kutoa hati za karatasi zilifuata mantiki ile ile ya kijiti. Karatasi inakatwa, kipande kinabaki kitabuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1700 kile kipande kinachobaki ndicho kilichoitwa "check", kwa sababu ndicho cha kulinganishia, ndicho kizuizi cha wizi. Baadaye jina likahama kutoka kwenye kipande likaenda kwenye karatasi inayotoka. Waingereza wakaja kuiandika "cheque" kwa kufuata sura ya Exchequer, Wamarekani wakabaki na tahajia ya zamani. Wapo wenzangu wanaoshikilia kwamba imetokana na sakk ya Kiarabu, hati ya malipo ya wafanyabiashara wa zama za Abbasi. Sakk ilikuwepo kweli na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, lakini kamusi za historia ya Kiingereza zinafuata njia ya kile kipande, na mimi nakubaliana nazo. Hundi yetu haina ubishi: tuliipokea kwa Wahindi, waliokuwa wakipelekeana fedha kwa hundi tangu kabla ya benki za kizungu.

Maarifa haya yote yalianza kunilipa katika darasa la uraia. Mkimbizi akishatimiza masharti ya kuomba uraia wa Marekani, hufanyiwa mtihani wa mdomo kwa Kiingereza, na katika orodha ya maswali 100 iliyoanza kutumika mwaka 2008 lilikuwemo hili: ni nini kinachozuia tawi moja la serikali lisizidi nguvu? Jibu mojawapo lilikuwa "checks and balances". Wanafunzi wangu walilikariri vizuri kabisa. Nilipouliza maana yake, mzee mmoja aliyewahi kuwa mwalimu kule Baraka alijibu kwa uhakika: "Ni sheki na salio. Serikali ikiishiwa pesa haiwezi kumwonea mtu."

Lilikuwa jibu la mtu mwenye akili. Maneno yote mawili alikutana nayo benki, pale alipofunguliwa akaunti, na yote mawili yalikuwa ya fedha. Nikachora ubao wa sataranji, nikamweka mfalme pembeni, nikamweleza habari ya kutamka "shah!". Rais akikataa kusaini muswada, amewaambia wabunge "shah!". Lazima wasimame, na ili wapite wanahitaji theluthi mbili ya kura katika kila baraza. Mahakama ya Juu ikitamka kwamba sheria inavunja Katiba, imewaambia wote wawili "shah!". Hakuna anayeondolewa ubaoni, ila kila mmoja anaweza kusimamishwa. Mzee akatikisa kichwa polepole, akasema kwa sauti ya mwalimu, "Kwetu hakuna wa kumwambia mfalme shah." Tangu hapo nikitamka neno hilo darasani hunyosha kidole kuuliza: ni ya benki au ni ya mfalme? Na wenzake wamelichukua swali hilo, wanaulizana wao kwa wao.

Fomu za visanduku nazo zina mtego wake. Bwana mmoja wa Morogoro alikuwa anaanza kazi ya kuhudumia wazee, akapewa fomu ya afya: kisukari, kifafa, pumu, kifua kikuu, kukohoa damu, kupungua uzito. Yeye amesoma shule ambayo mwalimu akiweka alama ya vema umepata, akiweka X umekosa. Akapiga X kwenye kila kisanduku, maana hana hata ugonjwa mmoja. Hapa X ndani ya kisanduku ni "check" kama "check" nyingine, inahesabiwa ndiyo. Nesi aliinua macho kwenye ile karatasi akamtazama kijana mzima wa afya aliyejitangaza kuwa anakohoa damu. Nikaomba ruhusa ya kufafanua kwa wote wawili, ikachapishwa fomu mpya. Tangu hapo kabla kalamu haijagusa karatasi namwomba mwenye fomu aseme kwa mdomo: unataka aweke alama gani, na alama hiyo ina maana gani kwako?

Tukio lililonifanya niandike haya yote lina uzito zaidi. Nimebadilisha mambo kadhaa ili mhusika asitambulike.

Mzee mmoja wa Fizi, mjane anayeishi peke yake, alifanyiwa upasuaji wa ngiri akaruhusiwa kurudi nyumbani. Kliniki ilikuwa ikimpigia kumuuliza kidonda kinaendeleaje. Hakupokea. Mpwa wake alishamwonya kwamba namba asizozijua ni za matapeli, naye alitii. Nesi, mwanamke mwenye moyo mzuri, akaingiwa na hofu kwamba huenda ameanguka ndani, akaomba "welfare check". Kwa polisi wa hapa hiyo ni kazi ya kawaida: askari wanakwenda kugonga mlango kuona kama mtu yu hai na salama. Lakini katika mazungumzo ya watu, maneno hayo hayo mawili ni pesa, malipo ambayo serikali huzipa familia masikini. Neno ni lile, sauti ni ile, hata Mmarekani mwenyewe hutambua kwa muktadha tu.

Nesi alitaka kumtaarifu mzee asishtuke, akaandika ujumbe na kuupitisha kwenye programu ya kutafsiri iliyomo kwenye simu yake. Programu haikuona kliniki, haikuona polisi wala kidonda. Iliona maneno mawili. Ujumbe uliomfikia mzee ulisomeka: "Tumeomba hundi ya ustawi kwa ajili yako. Itafika nyumbani leo."

Sasa jiweke mahali pake. Hundi anaijua. Ustawi anaujua pia. Aliyeishi Tanzania anajua Ustawi wa Jamii ni ofisi ya kushughulikia yatima, wajane na wazee. Na amekaa kambini muda mrefu, anajua msaada hauji hivi hivi, unakuja na uhakiki. Akaoga kwa shida, akivua na kuvaa kwa mkono mmoja kwa ajili ya kidonda. Akavaa koti. Akatoa bahasha lake akapanga mezani karatasi zote za maisha yake: kadi ya mgao ya Nyarugusu, ambayo hapa haina kazi tena lakini hakuitupa, kadi ya hifadhi ya jamii ya Marekani, barua ya hospitali, picha ya marehemu mkewe iliyobandikwa kwenye fomu ya usajili. Akakaa kusubiri. Mlango ulipogongwa akafungua kwa furaha, na mbele yake walisimama wanaume wawili wenye sare na bastola kiunoni.

Simu ilinifikia kupitia huduma ya ukalimani wa simu. Askari alianza: "Mwambie tunafanya tu 'welfare check'." Nyuma ya sauti yake nilisikia mtu akihema kwa haraka. Mengine mzee alinisimulia mwenyewe baadaye: kwamba mikono ilikwenda juu bila yeye kuiamuru, na kwamba hakuwaona vijana wale wawili, aliona watu wengine, wa miaka mingi iliyopita.

Nilisema: "Shikamoo, mzee. Mimi ni mkalimani, ni mtu wa Kigoma. Hawa ni askari. Wanasema kliniki imewatuma waje kuona kama u mzima, kwa kuwa hupokei simu. Hukushtakiwa jambo lolote."

Kimya. Kisha: "Marahaba, mwanangu. Na ile sheki?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikamwambia askari kwamba mkalimani anaomba kufafanua, kwamba maneno aliyoyatumia yana maana mbili, na kwamba mzee huyu amekuwa akisubiri ile nyingine. Kijana yule, na ninamheshimu kwa hilo, alinyamaza kidogo, akaniomba nimwambie mzee ashushe mikono, na yeye akakaa chini kwenye ngazi ili asimsimamie mtu mzima mlangoni kwake. Mzee alijibu maswali yote: kidonda kikavu, homa hana, chakula kipo. Mwisho akasema, "Waambie niko mzima. Ila siku nyingine atangulie mmoja, asiyekuwa na bunduki."

Nilitafsiri neno kwa neno.

Nimelifikiria sana tukio lile. Kiswahili hakikukosa la kusema. Tunacho kitenzi kizuri, kumjulia mtu hali. Ndicho jirani anachofanya akiona mlango wako haujafunguliwa hadi saa nne. Hata vijana wetu wa mjini, walioichukua "check" ya Kiingereza wakaifanya yao, waliokota upande wake ulio mwepesi kuliko zote. Cheki hii, yaani tazama. Twende kucheki mpira. Nitakucheki kesho, yaani nitakutafuta. Nesi yule alitaka hasa kumcheki mzee, kwa maana ile ile ya kijana wa Kariakoo. Ila mimi sitasema peke yake kwamba polisi wanakuja "kukujulia hali". Neno hilo lina joto mno, linaficha sare na silaha, na mtu aliyetoka Fizi ana haki ya kuambiwa nani atakayesimama mlangoni kwake kabla hajafungua. Kuna "check" nyingine naipa uangalifu huo huo, "checkpoint". Polisi wa Kentucky huweka vituo vya ukaguzi barabarani kukamata walevi. Kwa Mkongo kituo cha namna hiyo ni bariyeri, mahali pa kutoa pesa au kupoteza zaidi ya pesa. Katika darasa la wageni huwa nawaeleza kwa utaratibu: askari ataomba leseni, ataangalia kama umelewa, utaendelea na safari. Usitoe noti. Ukitoa noti, ndiyo umetenda kosa.

Wakalimani wapya wanaponijia kujifunza, nawapa neno hili kabla ya majina ya magonjwa. Nawataka wakilisikia wajiulize mambo matatu. Je, kuna kitu au mtu anayesimamishwa? Kuna vitu viwili vinavyolinganishwa? Au kuna karatasi inayobadilisha mikono? Ukishajua ni lipi kati ya hayo, Kiswahili kinakuja chenyewe: zuia, dhibiti, kagua, pima, hakiki, hundi, bili. Usipojua, inua mkono uulize, hata kama chumba kizima kina haraka. Juzi dada mmoja aliniuliza kuhusu "rain check", alisikia bosi akimwambia mwenzake hivyo alipoalikwa chakula. Hiyo ilizaliwa kwenye besiboli katika miaka ya 1880: mvua ikivunja mchezo, mtazamaji alirudi siku nyingine kwa kipande cha tiketi. Kipande kile kile tena, cha kulinganishia. Leo maana yake ni: samahani, leo siwezi, lakini mwaliko usife.

Kuhusu ile kliniki, nilipeleka maoni kwa msimamizi wangu, naye akakutana nao. Hawapitishi tena jambo kama lile kwenye programu ya simu. Tumewaandikia ujumbe mmoja, ukapitiwa na wazee wawili wa jumuiya ya Wakongo, na ndio unaotumwa sasa kabla askari hawajaondoka kituoni:

"Shikamoo. Sisi ni kliniki yako. Tumekupigia simu hukupokea, tuna wasiwasi na afya yako. Leo askari polisi watakuja kugonga mlango wako kuona kama u mzima. Watakuwa na sare na silaha, hiyo ni kawaida yao. Hujafanya kosa lolote. Hawaleti pesa wala hawadai pesa. Ukitaka wasije, tupigie sasa hivi kwa namba hii, useme 'Kiswahili', utapewa mkalimani."